Daftari Kwanza, Mpira Baadaye: Ushauri kwa Wanaoandaa Michezo Lusenda

Ukitaka kujua kama Lusenda kuna soko la michezo, pita Jumapili alasiri kwenye kiwanja cha vumbi kando ya barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Uvira kwenda Baraka. Misa na ibada zimekwisha, mpira uko katikati, na watu wamepanga mstari pande zote nne: wenyeji wa vijiji vya Fizi, wakimbizi wa Burundi, wavuvi, wanafunzi, mama wenye mabeseni ya ndizi na karanga. Wamekuja kwa miguu yao na kwa hiari yao. Wafanyabiashara wachache wanaweza kukusanya wateja wengi namna hiyo kwa saa mbili.

Hata hivyo mashindano mengi ya vijijini hufa baada ya msimu mmoja. Zawadi iliyotangazwa haionekani. Fainali inaahirishwa hadi watu wanaisahau. Mweka hazina anasema fedha zimekwisha, wala hakuna anayeweza kueleza zimekwishaje. Mwaka unaofuata kamati mpya inaundwa, na makosa yanarudi yaleyale.

Makala haya ni kwa kijana, mwalimu, mfanyabiashara au kiongozi wa kanisa anayetaka kuandaa mashindano, kuendesha timu au kufungua sehemu ya burudani hapa Lusenda. Vipaji tunavyo, na watazamaji tunao. Kinachokosekana ni kuaminika, na kuaminika hujengwa kwa mambo mawili: kalenda isiyoyumba na hesabu inayosomwa mbele ya watu.

Mjue mteja na mfuko wake

Kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipowavusha maelfu ya watu. Tangu hapo soko la hapa lina wateja wa aina nyingi, na fedha haziwafikii kwa siku moja.

Mvuvi wa ndakala hufanya kazi usiku kwa taa. Giza likiwa zito, samaki hufuata mwanga wa taa zake. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa lote, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo wiki ya mbalamwezi ina vijana wengi pwani, wenye nafasi ya kucheza na kutazama. Mwandaaji mwenye akili huangalia mwezi kabla ya kupanga ratiba.

Kumbuka pia kwamba nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Tanzania ilianza kutekeleza mwaka 2024. Miezi hiyo inaangukia kiangazi chetu, wakati kiwanja ni kikavu, na kuanzia Julai wanafunzi wako likizoni. Ndiyo majira bora ya mashindano marefu, lakini uvuvi ukisimama, fedha za pwani hupungua. Basi panga mashindano ya likizo yenye kiingilio kidogo au yasiyo na kiingilio kabisa, na tegemea vyanzo vingine vya mapato. Mashindano ya kulipia yapeleke wakati ambapo mvuvi ana samaki wa kuuza na mkulima ameshauza mawese au mihogo yake.

Mkimbizi naye ana kalenda yake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limekuwa likitoa sehemu ya msaada wake Lusenda kwa fedha taslimu, na wiki ya mgawo soko huchangamka. Hapa nasema kwa uzito: fedha ile ni ya chakula cha watoto. Kumuuzia mkimbizi tikiti ya gharama siku anayopokea mgawo ni kuibomoa jamii unayotaka ikuunge mkono. Weka bei ambayo baba wa watoto sita anaweza kuilipa bila nyumba yake kulala na njaa, na watoto waingie bure.

Chama ni chama, biashara ni biashara

Ugomvi mwingi wa fedha za michezo huanza pale ambapo watu hawakukubaliana tangu mwanzo mali ni ya nani. Kwa hiyo amua kabla ya kununua mpira wa kwanza.

Timu au kamati ya mashindano inafaa iwe chama kisichogawana faida. Kongo ina sheria ya vyama vya aina hiyo tangu 20 Julai 2001. Katika chama, ziada hubaki kwenye chama: inanunua jezi, inatengeneza magoli, inalipia nauli ya timu kwenda Baraka. Hakuna mjumbe wa kuipeleka nyumbani.

Sehemu ya video, meza ya biliadi, duka la jezi au kibanda cha vinywaji ni biashara ya mtu au ya washirika. Kongo imo katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA tangu 2012, na kanuni zake zinampa mfanyabiashara mdogo njia nyepesi: anatangaza shughuli yake bila kupitia taratibu zote za kampuni, kisha anatakiwa kuandika siku kwa siku kilichoingia na kilichotoka. Yaani sheria yenyewe inamdai daftari. Wahenga walilisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Unaweza kuwa na vyote viwili, timu na kibanda. Usichanganye mifuko. Kama kibanda chako kinaichangia timu, andika mchango huo katika madaftari yote mawili. Na kila unapolipa ushuru au patente, dai risiti yenye muhuri na uitunze. Atakayekuja kesho kudai tena utamwonyesha.

Timu inayotaka kupanda juu lazima pia ijulikane kwenye ngazi za soka: ententi ya eneo lake, kisha ligi ya mkoa wa Kivu Kusini, LIFSKI, kisha FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, na michuano ya taifa ya Linafoot. Kujiandikisha kuna gharama, lakini huko ndiko kwenye waamuzi wanaotambulika na kadi za wachezaji.

Kiwanja kiwe na karatasi

TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1939. Mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter ya Milano. Mwaka uliofuata ilifungua uwanja wake wenyewe Kamalondo. Mwenye uwanja hupanga tarehe zake, hukodisha nafasi za matangazo na kukusanya viingilio bila kumwomba mtu.

Sisi hatutajenga uwanja kama ule wa Kamalondo. Tunaweza kupata karatasi. Kiwanja kama ni cha shule, cha kanisa au cha ukoo, andika makubaliano na mwenye ardhi: siku gani mtatumia, nani atakata nyasi na kuziba mashimo, mtachangia nini. Shefu wa kijiji ashuhudie. Ndani ya kambi, ruhusa ipite kwa kamati ya wakimbizi na kwa CNR, tume ya taifa ya wakimbizi, ambayo hufanya kazi pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Ardhi ya Fizi ni jambo nyeti, na makubaliano ya mdomo hufa na aliyeyatoa.

Bajeti ya mashindano, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kufundishia. Timu 8, makundi mawili ya timu 4. Kila kundi lina mechi 6, jumla 12. Ongeza nusu fainali 2 na fainali 1, zinakuwa mechi 15. Ukicheza mechi mbili kwa siku na kuipa fainali siku yake, unahitaji siku 8.

Sasa andika matumizi. Waamuzi, faranga 9,000 kwa mechi mara 15, ni 135,000. Mipira miwili, 60,000. Chokaa ya mistari, 15,000. Dawa na bandeji za huduma ya kwanza, 25,000. Betri za kipaza sauti na karatasi za matangazo, 15,000. Zawadi, 150,000. Jumla ni faranga 400,000 za Kongo. Bei za kwenu zinaweza kupanda au kushuka. Badilisha tarakimu, acha mpangilio.

Upande wa mapato, kila timu inalipa 20,000 kujiandikisha, unapata 160,000. Wauzaji 10 wa maji, ndizi, sambusa na karanga wanapewa nafasi zilizowekwa alama, kila mmoja kwa 1,000 kwa siku, siku 8: unapata 80,000. Siku ya nusu fainali na siku ya fainali unapanga viti 100 kivulini kwa faranga 500 kila kimoja: unapata 100,000. Zimebaki 60,000. Wafanyabiashara watatu wakitoa 20,000 kila mmoja, hesabu imefungwa.

Angalia jambo moja: katika hesabu hii anayesimama kando ya mstari hakulipa hata faranga moja. Kiwanja kisicho na ukuta hakiwezi kutoza kila mtu, na ukijaribu kuzungushia kamba utatumia siku nzima kugombana. Walipaji ni timu, wauzaji, waliotaka kukaa kitini, na wafanyabiashara wanaouhitaji umati ule. Watu wengi wasiolipa ndio wanaomvuta mlipaji.

Lakini hesabu iliyofungwa bila ziada ni hatari. Mvua moja, mpira mmoja uliopasuka, mchezaji mmoja anayehitaji kupelekwa hospitali ya Nundu, na kamati imeingia deni. Tafuta wadhamini wawili zaidi, upate 40,000 za akiba, sawa na sehemu moja ya kumi ya bajeti. Na zawadi ya mshindi iwe imeshapatikana na kuwekwa mahali salama kabla mechi ya kwanza haijachezwa. Kutangaza mbuzi ambaye bado hujamnunua ni kuanza mashindano kwa uongo.

Mdhamini anataka nini

Vijana wengi huenda dukani na kusema, "Tusaidie." Mwenye duka hutoa kidogo aondokane nao. Nenda na pendekezo. Mwambie: jina la duka lako litatajwa kwenye kipaza sauti kabla ya kila mechi na wakati wa mapumziko, kitambaa chako kitafungwa nyuma ya goli siku zote 8, na wewe mwenyewe utakabidhi zawadi ya mfungaji bora. Wenye duka la dawa, mawakala wa M-Pesa na Airtel Money, wauza vipuri vya pikipiki, wenye mashine za kusaga, wote hao wanahitaji kujulikana na watu walewale wanaokuja uwanjani.

Mashindano yakiisha, rudi kwake na daftari. Mwonyeshe fedha zake zilifanya nini, mpe picha ya kitambaa chake na watu nyuma yake. Mdhamini aliyerudiwa kwa heshima atatoa tena. Aliyeonekana siku ya kuombwa tu atafunga mlango.

Kuhusu bei ndogo na wadhamini, tuna mfano mkoa wa jirani. Tamasha la Amani la Goma lilipangwa lianze Agosti 2013, vita vikalizuia, likafanyika Februari 2014. Tikiti ya mwanzo iliuzwa kwa dola moja, ili mtu wa kawaida aingie, na gharama kubwa zikabebwa na wafadhili na watu wa kujitolea. Bei ile ndogo ilijaza watu, na umati ndio humvuta mfadhili.

Tangaza siku, na siku isibadilike

Simba ya Dar es Salaam ilianza kufanya Simba Day mwaka 2009, karibu na sikukuu ya Nane Nane. Ni siku ya kutambulisha kikosi cha msimu mpya, kuuza jezi, kusikiliza muziki na kucheza mechi moja ya kirafiki. Watani wao Yanga wakajenga Wiki ya Mwananchi. Mashabiki huweka fedha mapema kwa sababu wanajua siku inakuja.

Lusenda inaweza kuwa na siku yake. Chagua, kwa mfano, Jumapili ya kwanza ya Agosti, na uishikilie mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tatu. Baada ya miaka mitatu watu wa Mboko, Lweba na Baraka watakuwa wanaihesabu bila kukumbushwa.

Kutangaza kwenyewe hakuhitaji fedha nyingi. Ratiba iandikwe kwa mkono mzuri na kubandikwa sokoni, shuleni, kwenye kituo cha afya na mahali pa kuchota maji. Omba nafasi ya tangazo mwisho wa ibada. Redio za jamii za Baraka na Uvira zisome ratiba na matokeo. Waendesha pikipiki wapewe karatasi, kwa maana wao hufika kila kijiji. Makundi ya WhatsApp yapelekewe matokeo usiku uleule, pamoja na picha ya wafungaji. Tangaza kwa Kiswahili, Kibembe na Kirundi. Mtu akisikia lugha ya nyumbani kwake, anajua amealikwa.

Muda nao uheshimiwe. Ukisema saa tisa, mpira uanze saa tisa. Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Mechi iliyochelewa huisha gizani, na gizani ndipo vurugu na wizi hupata nafasi.

Amani uwanjani ni sehemu ya kazi

Fizi imeona vita vya miaka mingi, na watu wake wana majeraha. Mwandaaji anayepanga timu ya kabila hili dhidi ya timu ya kabila lile, au wakimbizi dhidi ya wenyeji, anacheza na moto. Ichanganye kila timu. Weka kanuni kwamba katika wachezaji 11 wa uwanjani lazima wawepo wa kambini na wa vijijini. Majina ya timu yawe ya milima, mito au samaki, yasiwe ya ukoo wala ya kiongozi wa siasa.

Mwamuzi wa fainali atoke nje ya eneo. Polisi na shefu wajulishwe kwa barua. Pombe kali isiuzwe karibu na kiwanja. Kanuni za adhabu zisomwe kwa manahodha wote kabla ya mechi ya kwanza na wazitie sahihi. Na hali ya usalama ikibadilika, ahirisha bila aibu. Kombe linaweza kusubiri, uhai hausubiri.

Afya pia. Kipindupindu ni ugonjwa wa kurudirudi pwani hii, kuanzia Uvira hadi Fizi. Weka ndoo za maji yenye klorini na sabuni karibu na wauzaji wa chakula, choo cha wanawake na cha wanaume, na mtu wa kituo cha afya. Kituo kikitangaza mlipuko, funga uwanja.

Wanawake si watazamaji tu

Novemba 2024, timu ya wanawake ya TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake. Ni timu ya hapa Kongo. Msichana wa Lusenda ana haki ya saa yake uwanjani.

Waulize wenyewe ni saa gani inawafaa, maana kuna maji ya kuchota na chakula cha kupika. Wawekee mahali pa kubadilishia nguo na kocha anayeaminiwa na wazazi. Usiishie kwenye soka. Nzango, mchezo wa miguu ambao wasichana wa Kongo huucheza tangu utotoni, sasa una kanuni na mashindano rasmi. Hauhitaji mpira wala magoli, na mama zao watakuja kutazama kwa sababu waliucheza. Kwa mwandaaji, huo ni umati mpya kwa gharama ndogo sana. Na katika kamati, mweka hazina awe mwanamke aliyezoea kushika fedha za vikundi vya akiba kama AVEC au likelemba. Hao wana mazoea ya kuhesabu mbele ya wenzao na kufunga sanduku kwa funguo zaidi ya moja.

Video, biliadi na ufukwe

Wengine watapenda biashara ya ndani. Chumba cha video kinachoonyesha mechi za Ulaya kinaishi kwa umeme, kwa hiyo piga hesabu ya mafuta ya jenereta dhidi ya paneli za jua kabla ya kununua televisheni kubwa. Uliza masharti ya kampuni ya ving'amuzi kuhusu kuonyesha hadharani, maana malipo ya nyumbani ni kwa ajili ya nyumbani. Weka milango miwili na madirisha yanayofunguka. Mtoto asiingie saa za shule. Kamari usiiruhusu kwenye biliadi wala kwenye video: mapato yake ni ya haraka, lakini wazazi watakuhesabu kuwa adui, nao ndio majirani wako.

Anayetazama ziwa afikirie mashindano ya mitumbwi na kuogelea kwa siku maalumu, kukiwa na waokoaji, maboya na mipaka iliyopimwa. Lamu, pwani ya Kenya, mashindano ya majahazi na ya punda yamekuwa kivutio cha tamasha la utamaduni la kila mwaka, na yanajengwa juu ya kazi ambazo watu walikuwa wakizifanya tayari. Wavuvi wetu ni mabingwa wa makasia. Ila usijenge banda la kudumu karibu na maji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kufunika nyumba Uvira na Baraka. Tumia miti na turubai unavyoweza kuhamisha kwa siku moja.

Soma hesabu hadharani

Siku ya fainali, kabla ya kukabidhi kombe, mweka hazina asimame na kipaza sauti asome: kimeingia kiasi hiki, kimetoka kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, na kimewekwa mahali fulani chini ya majina ya watu watatu. Nakala ibandikwe palepale ilipobandikwa ratiba. Hiyo ni kazi ya dakika tano, na nguvu yake inapita ya tangazo lolote.

Wewe unayetaka kuanza, anza na timu 4 na siku 2. Lipa waamuzi siku ileile, toa zawadi uliyoahidi, soma hesabu, kisha tangaza tarehe ya mwakani watu wakiwa bado wamesimama. Viongozi wa vijiji, wa kambi na wa makanisa, wapeni vijana hawa kiwanja chenye karatasi na muwadai daftari. Msiwadai sehemu ya mapato. Lusenda ina watu wa kutosha kuendesha michezo inayojilipia yenyewe. Inachohitaji ni waandaaji ambao neno lao na hesabu yao vinalingana.